Barua Pepe ya Ukoo wa Ndahani

Kama kungekuwa na mashindano ya kufua mashuka pale mtaani kwao Nzuguni, Priska angeshinda kila mwaka mpaka wenzake wakate tamaa ya kushiriki. Kabla jogoo wa jirani hajamaliza kusafisha koo, yeye alikuwa tayari yuko uani, ndoo mbele yake, povu hadi kwenye viwiko. Watu walipokuwa wanapiga mswaki, shuka la Priska lilikuwa linapepea kwenye kamba, jeupe kama la hotelini.

"Yule binti ana usafi yule!" majirani walisifu. "Wa kwetu mpaka umkimbize na ufagio."

Laiti wangejua. Priska alikuwa na miaka kumi na mitatu, amemaliza darasa la saba na kufaulu vizuri, na bado alikuwa anakojoa kitandani. Siri hiyo ilikuwa ya watu wawili tu, yeye na Mama. Mama alikuwa akimfariji kwa maneno yale yale, "Itaisha, mwanangu. Ukikua itaisha."

Tatizo ni kwamba Januari haikuwa tayari kumsubiri akue. Priska alikuwa amepangiwa kidato cha kwanza katika shule ya wasichana ya bweni, huko Kondoa. Bweni, jamani! Vitanda vya ghorofa, chumba kimoja watu tele, na kamba ya kuanikia ambayo kila mtu anaipita akienda kunywa uji. Juu ya hayo, binamu yake Violeth, binti wa Shangazi Zipora, alikuwa amepangiwa shule hiyo hiyo. Violeth hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Ila mdomo wake ulitengenezwa bila breki.

Priska alimkumbuka Nesi Lydia, aliyekuja shuleni kwao siku ya mahafali kuzungumza na wasichana. Nesi alikuwa ameandika anwani yake ya barua pepe ubaoni, akasema, "Mwenye swali analoona haya kulitamka, aniandikie. Nitamjibu."

Basi alasiri moja Mama alipokwenda sokoni na kuacha simu kwenye chaji, Priska akaichukua. Kwanza akatafuta mtandaoni maneno yote aliyoweza kuyafikiria kuhusu kibofu na kitanda. Kisha akamwandikia Nesi. Kwa kuwa alikuwa mwanafunzi mzuri wa Kiswahili, aliandika barua kamili kama alivyofundishwa, yenye salamu, maelezo, hitimisho, na mwisho jina la mwandishi, Priska Bernardo, bila kificho. Alipomaliza kuituma akaifuta kwenye zilizotumwa. Akaenda kwenye pipa la taka la simu akaifuta na huko. Akairudisha simu kwenye chaji na kujiona mjanja wa wajanja.

Kumbe alikuwa amefuta nyayo za kwenda, akasahau kwamba majibu nayo huwa yana miguu.

Hapa inabidi tueleze kidogo, maana familia hii ilikuwa na mambo yake. Ukoo mzima wa Ndahani, kuanzia Babu kule Mvumi mpaka Baba Mdogo Thomas wa Kibaigwa, ulikuwa na anwani moja tu ya barua pepe. Aliyeifungua ni Bernardo, baba yake Priska, siku aliponunua simu ya kupangusa na fundi akamuuliza, "Una email?" Baada ya hapo kila ndugu aliyenunua simu aliulizwa swali hilo hilo, na kila mmoja alimpigia Bernardo. Bernardo akawa anawapa ile ile, bure, kwa upendo. Nywila yenyewe, yaani lile neno la siri la kufungulia, ilitangazwa kwenye kikao cha ukoo, kati ya ajenda ya zizi na sala ya kufunga. Shangazi Zipora aliirudia kwa sauti kwa ajili ya waliokaa nyuma.

"Ukoo mmoja, anwani moja," Bernardo alikuwa akisema kwa kujigamba. "Sisi hatufichani."

Na kweli hawakufichana. Babu akipiga picha mbuzi wake Mvumi, mbuzi alitokea kwenye simu ya Bernardo Nzuguni. Mama alikuwa na namba za mafundi bati ambao hajawahi kuwaona. Watu walizoea, wakacheka, maisha yakaendelea. Tena palikuwa na desturi. Barua ya ukoo ikiingia wakati watu wamekutana, haisomwi kimyakimya. Anasomewa Babu, kwa sauti, wote wasikie.

Jumapili ya kuwaaga Priska na Violeth, uani palijaa. Palikuwa na ugali wa uwele, mlenda, na mbuzi ambaye wengi walikuwa wameshamwona picha yake. Mama Mdogo Angelina, mdogo wake Mama, anayeshughulika na kompyuta katika ofisi moja kule Mtumba, naye alikuja na zawadi ya ndoo mbili za bweni.

Babu Ndahani alinawa mikono, akamtazama Bernardo kwa macho ya kushtaki.

"Bernardo, simu yangu imekosa adabu. Kila nikiifungua inanionesha pampasi za watu wazima. Nani kaiambia kwamba nimefika huko?"

Watu walicheka mpaka kuku wakahama.

"Kumbe na wewe, baba?" Shangazi Zipora akadakia. "Mimi juzi kwenye mazoezi ya kwaya nafungua simu niwaoneshe wimbo, linatokea tangazo la dawa ya kibofu! Mwalimu wa kwaya akanionea huruma, akanihamishia karibu na mlango."

Uwanja ukalipuka tena. Priska peke yake hakucheka. Pampasi? Dawa ya kibofu? Mbona yale ndiyo maneno niliyoyatafuta mimi? alijiuliza. Simu ya Babu imejuaje?

Hakupata nafasi ya kujijibu.

*Ting!* ilisema simu ya Baba mfukoni. *Ting!* kwenye pochi ya Shangazi. *Ting!* ndani ya kanga ya Mama. Simu zikaitikiana uani kama vyura baada ya mvua, na ya mwisho, yenye sauti kubwa kuliko zote kwa kuwa mwenyewe hasikii vizuri, ikawa ya Babu.

"Barua ya ukoo hiyo," alisema Babu. "Zipora, nisomee."

Shangazi Zipora ndiye msomaji wa nyaraka kanisani kwao. Alinyoosha shingo, akaiweka simu mbali na macho.

"'Mpendwa Priska Bernardo…'"

"Eee! Priska ana barua!" Watu wakapiga vigelegele. Baba akatabasamu hadi masikioni, akidhani inatoka shuleni.

"Soma kwa sauti, dada," akasema, "wa nyuma nao wasikie."

Priska aliinuka. Alisema, "Shangazi, acha," lakini vigelegele vilimmeza.

"'…asante kwa kuniandikia. Usione haya hata kidogo. Kukojoa kitandani katika umri wako ni…'"

Macho ya Shangazi yalifika kwenye maana baada ya mdomo kupita. Alinyamaza ghafla. Lakini maneno yalikuwa yameshatoka, yamekaa pale katikati ya uwanja, kila mtu anayaona.

Hakuna aliyecheka, na afadhali wangecheka. Baba alibaki na lile tabasamu usoni, limekauka, hajui aliweke wapi. Babu alitazama mlenda wake kana kwamba hajawahi kuuona. Mama, ambaye kwao ni Kwa Mtoro, alitoa neno moja la Kisandawe, lenye ule mlio wa ulimi ambao Baba hajawahi kuuweza pamoja na miaka yote ya ndoa. Lilipasuka kama ukuni mkavu.

Bakuli la Priska lilianguka. Yeye mwenyewe alikuwa ameshaingia ndani.

Alijitupa kitandani, akafukia uso kwenye mto. Baada ya muda mlango ulisukumwa. Alikuwa Violeth.

"Mwenzangu," alisema Violeth, akikwaruza ukuta kwa kucha, "kwa hiyo kule bwenini mimi nachukua kitanda cha juu. Cha chini yako sikai, nimeshasema."

Priska aliinua uso. "Siendi."

"Huendi wapi?"

"Kondoa. Siendi popote. Nenda wewe, ukawahadithie vizuri."

"Jamani, nilikuwa natania!"

"Taniana na ukuta."

Violeth akafunga mdomo, jambo ambalo lilimshangaza hata yeye mwenyewe. Nje, sauti ya Mama Mdogo Angelina ilikuwa imeanza kupanda.

"Shemeji Bernardo, huyu mtoto hakukosea kitu. Kaumwa, kamwandikia nesi. Kosa ni hii anwani yenu ya stendi, kila mtu anapanda na kushuka."

"Usiitukane anwani ya ukoo, shemeji," Baba alijibu, mkali kwa sababu alikuwa na aibu. "Ubaya ni kuficha. Kama angetuambia, tungemsaidia. Sisi hatuna siri hapa."

"Hamna siri?"

"Hatuna."

"Unajua kwa nini Babu anatangaziwa pampasi? Priska alitafuta habari za kibofu akiwa ndani ya akaunti hii. Kampuni yenye akaunti huandika kila mnachotafuta, ndiyo ipate kuwauzia wenye matangazo. Haijui nani Priska, nani Babu. Inachojua ni kwamba humu kuna mtu analowesha kitanda, basi inawapelekea wote. Na yote mliyowahi kutafuta bado yapo, yamepangwa."

"Fungua tuone!" Baba alisema, kifua mbele.

"Shemeji, una hakika?"

"Nimesema fungua. Mwenye kuogopa ni nani?"

Priska na Violeth walikuwa wameshasogea mlangoni, nyuma ya mgongo wa Baba. Angelina aligusa kioo mara chache, akampa Baba simu. Baba akasoma mstari wa juu kabisa kwa sauti ya mshindi.

"'Mafuta ya kuotesha nywele kwenye upara wa…'"

Akakwama. Mkono wake wa kushoto, bila kutumwa, ukapanda kichwani na kushika kofia.

Shangazi Zipora alikuwa anachungulia kwa nyuma. Cheko lilimjaa mashavuni, halafu likazimika ghafla, maana macho yake yalitua mstari wa pili. Ulihusu mwalimu wa kwaya, na uliuliza kama tabasamu lake la mara mbili kwa mjane kama Zipora lina maana yoyote. Shangazi akaishika meza.

"Funga," alinong'ona. "Bernardo, funga hiyo simu."

"Teremsha kidogo, na mimi nione," alisema Babu. Kisha akafikiri. Sijui alikumbuka nini, ila uso ulimbadilika. "Hapana. Funga. Funga kabisa."

Violeth naye alikuwa ameona. Mstari wa nne ulikuwa wake, *jinsi ya kulala bwenini kama unaogopa giza*, na alijua Priska amesoma pia. Wakatazamana. Violeth, yule msemaji wa kila harusi, alimvuta Priska pembeni.

"Mimi sijasikia ya kwako," alisema polepole. "Na wewe hujaona ya kwangu."

"Sijaona nini?" aliuliza Priska.

"Ahsante."

Baba alikaa chini kwenye kigoda. Alisema, bila kumtazama mtu, "Yote haya yalikuwa humo muda wote? Na kila mwenye nywila angeweza kusoma?"

"Nywila mliitangaza wenyewe," alisema Mama.

Siku iliyofuata Angelina alirudi na kompyuta yake, akakaa na Priska sebuleni. Baba naye alivuta kiti, kwa mbali, kama mtu aliyepita tu.

"Sasa uchague," alisema Angelina. "Ukienda kwa zile kampuni kubwa, ni rahisi, kila mtu anazijua, nafasi ni tele na hulipi hela. Ila barua zako ufunguo wake wanao wao, na mambo unayofanya ukiwa ndani ya akaunti yao wanayaweka. Zipo kampuni nyingine, ndogo, kazi yao ni kulinda faragha. Hizo barua zinafungwa kwa namna ambayo hata wenye kampuni wakizichungulia wanaona vurugu ya herufi tu. Ufunguo ni nywila yako. Matangazo hawaweki."

"Wanakula nini sasa?" Baba alidakia kutoka mbali.

"Wapo wanaolipia nafasi kubwa, shemeji. Ndogo ni ya bure."

"Mmh."

"Lakini nao wana ugumu wao," Angelina aliendelea. "Nafasi ni finyu. Ukisahau nywila na ukapoteza na maneno ya akiba wanayokupa siku ya kufungua, barua za zamani hakuna wa kukufungulia, ulie usilie. Halafu ukimwandikia mtu wa kampuni nyingine, kwake inakaa kama barua za kawaida. Na ukitafuta mambo mtandaoni, hilo ni suala jingine, lina ulinzi wake."

Priska alifikiri. "Kwa hiyo hata ningekuwa na hii ya faragha, kama nywila ingetangazwa kikaoni…"

"Shangazi angesoma vilevile."

Priska akachagua ile ndogo. Ilipofika hatua ya nywila, Baba alisogeza kiti. "Itaje nikuwekee, mwanangu, usije ukai…" Akaona macho ya Mama. Akakirudisha kiti kilipotoka.

Mama ndiye aliyekabidhiwa maneno ya akiba ndani ya bahasha iliyofungwa. "Sitaifungua mpaka uniombe, au nione uko hatarini," alisema. "Lakini na wewe unisikilize. Akikuandikia mtu jambo la kukutisha, au akakuambia usimwambie mama, njoo mbio. Faragha si kujifungia chumbani na nyoka."

Siku hiyo hiyo Priska alimwandikia Nesi Lydia upya. Jibu lilipokuja, alilisoma peke yake, nyuma ya nyumba, mara tatu. Nesi alisema wapo watoto wengi wa umri wake wenye hali hiyo, wala si uvivu wala si laana. Aende akapimwe mkojo, aangalie kama anapata choo vizuri, maji anywe zaidi mchana kuliko jioni, na aende msalani kabla ya kulala. Mwisho alishauri, "Ukifika shuleni, mwambie matroni wewe mwenyewe."

Mama alimpeleka kituo cha afya, wakampima, wakampa dawa na maelekezo. Hali haikuisha kimiujiza. Lakini yale mashuka yalianza kupata likizo, na majirani wakaanza kunong'ona kwamba binti wa Bernardo siku hizi kawa mvivu.

Ukoo nao ulibadilika. Anwani ya ukoo ilibaki kwa ajili ya harusi, vikao na picha za mbuzi, tena kwa nywila mpya. Mambo ya mtu mmoja mmoja yakahamia kwa mwenyewe. Shangazi Zipora alifunguliwa ya kwake mapema kuliko watu wote, na hakusema ni kwa nini ana haraka.

Siku ya kuripoti Kondoa, Baba ndiye aliyemsindikiza Priska. Wakaingia ofisini kwa matroni, mama mnene mwenye miwani inayoning'inia kifuani, akawaandikisha. Nje ya dirisha foleni ya wazazi na wasichana ilikuwa ndefu, wote masikio wazi. Violeth na mama yake walikuwa wa tatu kutoka mlangoni.

"Shikamoo," alisema Priska.

"Marahaba, karibu. Mzazi, mtoto ana tatizo lolote la afya tunalopaswa kulijua?"

Baba alikuwa na sauti ya kuitia ng'ombe walio ng'ambo ya korongo. Alimwona anavuta pumzi. Akaona mdomo wake unafunguka. Foleni nzima ilikuwa pale dirishani.

Baba akaufunga mdomo.

"Mwenyewe atakueleza, mama," alisema kwa sauti ndogo ambayo Priska hakujua kama anayo. Akainuka, akafunga dirisha. Kisha akatoka nje na kuuvuta mlango mpaka ukagonga.

Priska alieleza. Matroni alisikiliza bila kushtuka, akaandika mahali anapopajua yeye, akasema, "Kila mwaka nawapokea wenzako. Utalala chumba kilicho jirani na vyoo, na mlinzi wa bweni atakuamsha mara moja bila kelele. Mashuka ya ziada yako kwangu. Mengine tutaongea mimi na wewe."

Alipotoka, Baba alikuwa amekaa juu ya tranka, amewageuzia mgongo watu wote waliokuwa wakitaka kumuuliza kulikoni. Wakabeba mizigo hadi karibu na bweni.

"Baba, hujaniuliza nimemwambia nini."

"Sijakuuliza." Baba alitua ndoo chini. Alionekana anatafuta maneno, na kwa mtu kama yeye hilo lilikuwa jambo la kushangaza kuliko yote ya mwezi ule. "Nisikilize, Priska. Kabla hujaliweka jambo lako mahali, iwe kwenye simu au kwa mtu, uliza kwanza ufunguo anao nani. Na jambo likikuzidi, usilibebe peke yako. Chagua mmoja unayemwamini, umwambie kwa mdomo wako mwenyewe, kama ulivyofanya sasa hivi."

"Sawa, Baba."

"Na lile nililosema, kwamba anayeficha ana ubaya, mimi nilikosea mbele za watu, basi nisamehe hapa mbele za watu." Akatazama huku na huku, wasichana walikuwa wanapita na magodoro kichwani. Akainamisha kichwa karibu na sikio lake. "Maana chooni tunafunga mlango kila siku, mwanangu, na humo ndani hakuna anayeiba kitu."

Priska alicheka mpaka akakaa juu ya godoro lake.